Ngoma Mbili za Barabarani: Kampala 1971 na Lusaka 1990

Ndugu wafanyakazi, mchana wa tarehe 25 Januari 1971 askari mmoja alikaa mbele ya kipaza sauti cha Redio Uganda akasoma sababu 18 za jeshi kuiangusha Serikali ya Rais Milton Obote. Obote mwenyewe alikuwa Singapore, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola. Watu wa Kampala walimiminika barabarani wakashangilia na kucheza.

Alfajiri ya tarehe 30 Juni 1990 Luteni Mwamba Luchembe aliingia katika kituo cha redio mjini Lusaka akatangaza kwamba jeshi limemwondoa Rais Kenneth Kaunda. Huko nako watu walimiminika barabarani wakashangilia na kucheza.

Ngoma ya Kampala ilifuatwa na miaka minane ya Idi Amin. Ngoma ya Lusaka ilizimwa baada ya saa chache tu, Luchembe akakamatwa, na miezi 16 baadaye Kaunda alishindwa kwa kura, akakubali kushindwa, akatoka Ikulu salama na mkewe. Nchi zote mbili zilitawaliwa na Mwingereza. Zote mbili zilipata uhuru kwa kupishana miaka miwili, Uganda tarehe 9 Oktoba 1962 na Zambia tarehe 24 Oktoba 1964. Zote mbili zilipita katika utawala wa chama kimoja, na zote mbili zilikuwa na watu wenye njaa na hasira. Kwa nini basi ngoma moja ilizaa makaburi na nyingine ikazaa uchaguzi?

Wasomi wameandika vitabu vingi juu ya jambo hili la nchi changa kutulia au kuyumba. Mmoja wao, Mmarekani aitwaye Samuel Huntington, alisema mwaka 1968 kwamba nchi huyumba pale watu wanapoamka, wakahamia mijini na kudai haki zao upesi kuliko vinavyokua vyombo vya kuyapokea madai hayo. Mimi elimu yangu ni ya shule ya msingi, na sikubaliani na bwana huyo katika mengi, maana alionekana kuogopa fujo zaidi kuliko dhuluma. Lakini hapo alisema jambo ambalo katibu yeyote wa tawi analijua. Kiwanda chenye madai na kisicho na tawi hakikosi kelele. Hukosa mtu wa kwenda mezani.

Tuanze na Uganda, na tuanze na askari, kwa sababu askari naye ni mtu wa mshahara.

Katika juma moja la Januari 1964 majeshi matatu ya Afrika Mashariki yaliasi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 waliasi askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 wakaasi wa Jinja, na tarehe 24 wa Lanet karibu na Nakuru. Madai yao yalikuwa mamoja: mishahara iongezwe na maofisa wa Kiingereza waondoke. Serikali zote tatu ziliita askari wa Uingereza kuzima maasi, jambo la aibu kwa nchi zilizokuwa zimetoka kupandisha bendera zao. Baada ya hapo kila nchi ilishika njia yake. Tanganyika ililivunja jeshi lile la zamani na kuanza jipya, likawa JWTZ tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Kenya ilikivunja kikosi kilichoasi na kuwapeleka askari mbele ya mahakama ya kijeshi. Uganda ilifanyaje? Waziri Felix Onama alikwenda Jinja kuzungumza na askari, wakamshika wasimwachie mpaka akubali madai yao. Mishahara ikapandishwa zaidi ya maradufu, na hata baada ya maasi kuzimwa nyongeza ile haikuondolewa.

Jinja, kama mjuavyo, ni mji wa viwanda. Pale ndipo palipojengwa bwawa la umeme la Owen Falls na kiwanda kikubwa cha nguo cha Nyanza. Mfanyakazi wa nguo alikuwa akidai nyongeza kwa barua, kwa mkutano, kwa upatanishi, akisubiri miezi. Askari wa mji huohuo alimfungia Waziri chumbani akaipata kwa siku chache. Nani asingejifunza hapo njia ya mkato iko wapi?

Miaka miwili baadaye Serikali yenyewe ilianza kulitumia jeshi kumalizia mabishano ya kisiasa. Februari 1966 mawaziri watano walikamatwa. Aprili katiba ya uhuru ikafutwa, na wabunge wakapewa nyingine waipitishe kabla hawajaisoma. Tarehe 24 Mei jeshi, chini ya Amin, likaivamia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Desemba 1969, baada ya Obote kupigwa risasi na kujeruhiwa, vyama vya upinzani vikapigwa marufuku. Ukihesabu vizuri utaona kwamba kabla Amin hajampindua mtu yeyote, Bunge, katiba, vyama na ufalme vilikuwa vimekwisha kupigwa teke kimoja baada ya kingine, na aliyekuwa akitumwa kupiga teke ni askari.

Na vyama vya wafanyakazi vya Uganda, je? Vilikuwapo: reli, sukari, nguo, mgodi wa shaba wa Kilembe. Waliovijenga wengi walikuwa ndugu zetu kutoka Kenya, hasa Waluo, waliokwenda huko kutafuta kazi. Lakini mashirikisho yaligawanyika, kila upande na wafadhili wake wa kisiasa. Kisha mwaka 1970, mwaka ambao Obote alisimama siku ya Mei Mosi akatangaza kwamba Serikali itachukua asilimia 60 ya makampuni makubwa, wafanyakazi wa Kenya wapatao 30,000 walifukuzwa nchini. Wananchi wengine walipiga makofi, wakidhani nafasi za kazi zimepatikana. Kumbe waliokuwa wakipanda treni kurudi kwao ndio waliokuwa wakizijua sheria za kazi, ndio waliokuwa wakishika vitabu vya matawi. Miezi michache baadaye redio ililia, na hapakuwa na chombo cha raia chenye nguvu ya kuuliza: ninyi askari mmechaguliwa na nani?

Amin aliahidi kwamba yeye ni askari tu, si mwanasiasa, na kwamba uchaguzi utafanyika. Haukupita mwezi akawa Rais. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia na kuwapa siku 90, akawagawia askari na marafiki maduka na viwanda. Mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, ambayo pamoja yalifanya Uganda izalishe zaidi ya tani 140,000 za sukari mwaka 1970, yalikauka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ikawa kitu cha kupanga foleni. Mwenye shamba alifukuzwa, hilo kila mtu analisema. Lakini mkata miwa naye alipoteza ujira, nyumba ya kambi na zahanati, na yeye hakuwa na ndege ya kumpeleka London. Mwaka 1973 vyama vyote viliwekwa chini ya shirika moja, NOTU. Umoja huo wafanyakazi walikuwa wakiuhitaji siku nyingi, lakini uliletwa kwa amri, katika nchi ambamo kugoma kulikuwa ni kujichimbia kaburi. Makadirio mengi ya watu waliouawa katika miaka minane ile yako kati ya 100,000 na 500,000.

Tuvuke sasa mpaka wa kusini, twende Zambia, na hapa nitakaa kidogo.

Katika Ukanda wa Shaba, yaani Copperbelt, wachimba migodi walianza kugoma kabla hawajawa na chama. Mwaka 1935 waligoma kwa sababu ya kodi kupandishwa, na huko Luanshya polisi wakaua watu 6. Mwaka 1940 waligoma kwa sababu ya mishahara, na huko Nkana wakauawa 17. Makampuni yalipoona hivyo yaliwapa wachimbaji wazee wa kikabila wawasemee. Mzee wa Kibemba awasemee Wabemba, wa Kilozi awasemee Walozi. Bepari alifurahi, maana mtu anayedai posho kwa kabila lake hawezi kugomea shimo zima. Mwaka 1949 wachimbaji wakaunda chama chao, Lawrence Katilungu akiwa kiongozi, na mwaka 1953 wakapiga kura juu ya jambo moja: wazee wa kikabila wabaki au waondoke? Wengi mno walisema waondoke. Ndugu zangu, watu hao walikuwa bado chini ya mkoloni, hawana kura katika serikali ya nchi yao, lakini mgodini walikuwa wamekwisha kupiga kura ya kuukataa ukabila.

Uhuru ulipokuja, Kaunda naye alitaka vyama viwe mfukoni mwake. Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Zambia, ZCTU, lilianzishwa na Serikali yenyewe mwaka 1965, na viongozi wake wa kwanza waliteuliwa. Mwisho wa 1972 Zambia ikawa nchi ya chama kimoja, UNIP. Sheria ya mwaka 1971 ya mahusiano ya kazi iliamuru kila tasnia iwe na chama kimoja tu, na ada ikatwe moja kwa moja kwenye mshahara. Nia ya Serikali ilikuwa kuvifunga kamba. Lakini sheria ile ikavipa vyama vitu viwili ambavyo mratibu yeyote angevipigia magoti: fedha za uhakika kila mwezi, na wanachama wasiogawanyika. Wanachama wa mashamba ya mkonge wameniuliza mara nyingi ada yao inafanya kazi gani. Huwa nataja wakili, nauli na karatasi. Zambia ada ilifanya jambo kubwa zaidi: ilimfanya kiongozi wa wafanyakazi asile kwa mkono wa Rais.

Jambo hilo lilionekana baada ya Frederick Chiluba, karani wa hesabu kutoka Ndola, kuchaguliwa mwenyekiti wa ZCTU mwaka 1974. Alipewa kiti katika Kamati Kuu ya UNIP akakikataa. Mwanzoni mwa 1981 viongozi 17 wa ZCTU na wa chama cha wachimbaji walifukuzwa uanachama wa UNIP, na katika nchi ya chama kimoja kufukuzwa hivyo ni kama kufutwa katika siasa. Migodi ikasimama. Katikati ya mwaka Chiluba na wenzake watatu wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mahakama ikaamuru waachiwe, na wakaachiwa mwaka uleule. Linganisheni na Kampala: tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa na watu wa Amin ndani ya Mahakama Kuu, akauawa. Huku hakimu anamfungulia mfungwa mlango, kule hakimu mwenyewe anaburutwa.

Msidhani Zambia ilikuwa peponi. Bei ya shaba ilianguka mwaka 1975 na haikusimama tena kwa miaka mingi. Serikali ilikopa, ikakopa tena, na Shirika la Fedha la Kimataifa likaja na masharti yake. Desemba 1986 ruzuku ya unga mweupe, ule tunaouita sembe, iliondolewa na bei ikapanda zaidi ya maradufu. Unga wa daraja la chini ulitakiwa ubaki na bei yake, lakini wenye vinu hawakuwa na hamu ya kusaga kitu ambacho hawana hakika ya kulipwa, basi ukatoweka madukani. Ukanda wa Shaba ukawaka moto. Watu 15 walikufa, na Kaunda akarudisha bei ya zamani. Juni 1990 bei ikapandishwa tena maradufu. Safari hii moto ulianzia Lusaka, wakafa watu zaidi ya 20, na ndipo Luteni Luchembe alipoingia redioni.

Hapa ndipo penye fundo la habari yetu. Watu waliocheza barabarani asubuhi ile walikuwa na njia ya kupita Luchembe alipokamatwa. Tangu Desemba 1989 Chiluba alikuwa akiuliza hadharani kwa nini Afrika ishikilie chama kimoja wakati Ulaya ya Mashariki inakiacha. Tarehe 20 na 21 Julai 1990, wiki tatu tu baada ya jaribio lile la mapinduzi, watu walikutana katika hoteli moja ya Lusaka iitwayo Garden House: watu wa vyama vya wafanyakazi, wanasheria, wafanyabiashara, wanafunzi, hata wanasiasa waliokuwa wamefukuzwa UNIP. Wakaunda vuguvugu la vyama vingi, MMD. Vuguvugu hilo halikuhitaji kuanza kutafuta watu wilaya kwa wilaya. Matawi ya ZCTU yalikuwapo tayari, kwenye migodi, reli, mashule na hospitali, yakiwa na makatibu waliozoea kuitisha mkutano na kuhesabu kura. Desemba 1990 katiba ikabadilishwa. Tarehe 31 Oktoba 1991 Chiluba akapata kura 76 katika kila 100, na MMD viti 125 kati ya 150.

Kaunda anastahili heshima yake katika jambo hili, kwani wapo waliomwambia asiondoke. Lakini mtu hukubali kushindwa kwa urahisi zaidi anapoona aliyemshinda ana watu waliojipanga, wenye kuweza kumlinda kama wanavyoweza kumpinga.

Najua msomaji wa Uganda atanipinga. Atasema: wewe unalinganisha nchi ya migodi na nchi ya wakulima wa kahawa na pamba. Zambia Mwingereza aliwakusanya maelfu ya wafanyakazi sehemu moja. Uganda aliwaacha watu vijijini, akaacha na ufalme wa Buganda wenye serikali yake ndani ya serikali, akaandika askari wengi kutoka kaskazini na makarani kutoka kusini. Ni kweli tupu, na ni sababu nzito. Nami sidai kwamba chama cha wafanyakazi peke yake kingemzuia Amin kwa mabango. Nasema hivi: urithi mbaya wa mkoloni nchi zote ziliupata, na vyombo vya kuubeba vilikuwa vinaweza kujengwa au kuvunjwa. Uganda vilivunjwa mapema, na waliovivunja walikuwa raia waliovaa suti.

Nasi tusijitoe. Baada ya maasi ya Colito viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika waliwekwa kizuizini, shirikisho la TFL likavunjwa, na Februari 1964 ikaundwa NUTA kwa sheria, Katibu Mkuu wake akiteuliwa na Rais na akiwa yeye mwenyewe Waziri wa Kazi. Nchi yetu ilitulia, na utulivu ni neema. Anayebisha akaulize waliokimbia vita. Lakini mfanyakazi wa hapa alilipa sehemu ya bei ya utulivu huo, na ilimchukua mpaka miaka ya 1990 kuanza kurudishiwa chenji.

Turudi Zambia, kwa sababu habari haikuishia kwenye sherehe. Mtu wa vyama vya wafanyakazi sasa alikuwa Ikulu. Ruzuku ya unga aliiondoa yeye mwenyewe, na hapakuwa na moto, maana watu walimwamini. Shirika la ndege la taifa likafungwa mwaka 1994, la mabasi likafuata. Migodi ikauzwa vipande vipande kati ya 1997 na 2000. Ule wa Luanshya, palepale walipouawa wale 6 wa mwaka 1935, uliuzwa mwaka 1997 na kufikia 2000 ulikuwa mikononi mwa mfilisi. Waajiriwa wa migodi walikuwa zaidi ya 50,000 wakati Chiluba anaapishwa. Kufikia mwaka 2000 hawakufika nusu yake. Sheria mpya ya 1993 ikaruhusu vyama vingi katika tasnia moja, na baada ya muda vyama kadhaa vikajitoa ZCTU, kile cha wachimbaji kikiwemo. Fimbo iliyomwangusha Kaunda ikavunjwavunjwa na mwenye kuifahamu zaidi.

Kisha mwaka 2001 Chiluba akataka muhula wa tatu, kinyume cha katiba. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimechoka, lakini somo lilikuwa limeenea. Makanisa, wanasheria na vikundi vya akina mama waliungana. Watu wakavaa utepe wa kijani na kupiga honi za magari siku za Ijumaa. Hata mawaziri wake wengine walimkataa. Tarehe 4 Mei 2001 alitangaza kwamba hatagombea. Mwaka 2007 mahakama ya London ilimwona ana hatia ya madai ya fedha za umma, na mwaka 2009 mahakama ya Lusaka ikamwachia huru. Akafariki mwaka 2011. Mwaka huohuo chama chake, MMD, kilishindwa kwa kura na kikatoka. Mwaka 2021 chama kilichokirithi nacho kikashindwa na kikatoka.

Uganda, tangu 1962, hakuna Rais aliyemkabidhi madaraka mwenzake aliyemshinda kwa kura. Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, majeshi yetu yakiwa mbele, walipita Lule, Binaisa, Obote wa pili na Okello, kisha Januari 1986 akaingia Yoweri Museveni kwa bunduki. Nchi ikatulia kuliko ilivyopata kutulia, ingawa kaskazini vita viliendelea miaka mingi. Kakira na Lugazi zikarudi kutoa sukari. Mwaka 2005 ukomo wa mihula ukaondolewa katika katiba, na mwaka 2017 ukomo wa umri nao ukaondolewa. Wafanyakazi wana wabunge wao watano wa viti maalumu. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984, wakati wa Obote, kilikuwa shilingi 6,000 za Uganda kwa mwezi. Kilipita katika mapinduzi ya 1985, kikapita katika vita vya 1986, kikapita katika miaka yote ya utulivu bila kuguswa. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, Rais akakataa kuutia sahihi. Kwa shilingi 6,000 hizo mkata miwa wa Kakira hununua kilo chache tu za sukari aliyoikata mwenyewe.